Kuwinda kanga kwa gobore katika Kanda ya Kati ya Tanzania

Gobore la marisau, yaani bunduki inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu na kurusha vipira vidogo vya madini ya risasi, lina kikomo kifupi. Mtutu wake haujabanwa mdomoni kama wa shotgani nyingi za kisasa, kwa hiyo marisau huanza kutawanyika mapema. Ukivuka mita 25, kanga anaweza kusimama katikati ya marisau 250 akapatwa na mawili tu, akakimbilia kichakani na kufia mahali usipomwona. Asilimia kubwa ya maandalizi yaliyo hapa chini yanahusu umbali huo: kujua gobore lako linafika wapi kwa hakika, kisha kukaa mahali ambapo kanga watakuja ndani ya kipimo hicho kwa miguu yao wenyewe.

Kanga anayezungumziwa ni yule wa kawaida, mwenye upembe wa mfupa kichwani, uso wa buluu na madoadoa meupe mwili mzima. Ana uzito wa kilo moja na robo hadi moja na nusu hivi. Kororo, mwenye kishungi cha manyoya, hukaa msitu mnene na huwindwa kwa namna nyingine.

Kibali na leseni

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ruhusa ya silaha na ruhusa ya mnyama. Silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na unapitia Polisi. Gobore ni silaha kama silaha nyingine. Kuwa la zamani, au la babu, hakuliondoi kwenye leseni. Mnyama yuko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na hapo unaanzia kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania).

Kabla ya kulipia chochote, uliza maswali matatu na upate majibu ya maandishi: kibali kinataja kanga, na wangapi? Kinahusu eneo gani na tarehe zipi? Na silaha inayokubalika kwenye kibali hicho ni ipi? Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Usidhani kwamba kwa kuwa una leseni ya gobore, basi kibali cha ndege kinalikubali. Afisa akisema halikubaliki, mjadala umekwisha. Uliza pia masharti ya kuwinda karibu na maji na ya kutumia chambo. Swagaswaga na Mkungunero upande wa Kondoa na Chemba, na Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Manyoni, ni mapori ya akiba. Usiingie humo na gobore begani bila kibali cha humo humo. Tochi za usiku, sumu, mitego na kuwinda ukiwa ndani ya gari ni njia ya haraka ya kufika mahakamani. Nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi nazo ziache, ni kosa kwa raia kuzivaa hata kama wawindaji wa nchi nyingine wanazipenda.

Gobore lenyewe

Gobore la kutumia ni lile lililotengenezwa kiwandani, likakaguliwa na fundi silaha mwenye leseni. Mtutu uliochongwa kutoka bomba la maji au mhimili wa usukani wa gari haukaguliki, kwa sababu hakuna anayejua chuma chake kitavumilia nini. Magobore yaliyoletwa na misafara ya karne ya 19, ambayo njia yake ya Bagamoyo hadi Tabora ilipita Ugogo, ni mali ya ukutani. Kutu hula mtutu kutokea ndani, hasa kwenye kitako cha mtutu pale baruti inapokaa, na nje unaweza kung'aa kabisa.

Fundi aangalie mambo haya: kizibo cha nyuma cha mtutu kisiwe na mwanya, ndani kusiwe na mashimo ya kutu wala uvimbe, chuchu inayovalishwa fataki (kikofia kidogo kinachotoa moto kikigongwa na nyundo) iwe na nyuzi nzima na tundu lisilopanuka, nyundo ikae imara kwenye nusu mkoko, yaani ikiwa imevutwa nusu tu, hata ukibonyeza kifyatulio. Tundu la chuchu likipanuka, moto hurudi nyuma na kuinua nyundo, na vipande vya fataki hurukia usoni. Chuchu ni kitu cha kubadilishwa, si cha kurithiwa.

Baruti ni baruti nyeusi tu, ya dukani, yenye chembe za ukubwa wa kati, ile inayoandikwa FFg kwenye kopo. Kamwe usifungue risasi za shotgani ili kupata baruti. Ile ni baruti isiyo na moshi, nguvu yake ni ya aina nyingine kabisa, na kipimo kile kile ambacho kwa baruti nyeusi ni salama kinatosha kuupasua mtutu wa gobore mkononi mwako. Ajali nyingi za vidole vilivyokatika zinaanzia hapa.

Vipimo

Kanuni ya zamani ya bunduki za marisau bado ndiyo bora: ujazo wa baruti ulingane na ujazo wa marisau. Kwa gobore la kipenyo cha 12, yaani milimita 18.5 hivi, mililita 5 za baruti ni karibu gramu 5, na mililita 5 za marisau ya risasi ni karibu gramu 32. Kipenyo cha 16 kichukue mililita 4.3, na cha 20 kichukue mililita 3.9, kwa baruti na marisau vilevile. Kama mtengenezaji wa gobore lako ameandika kiwango cha chini ya hapo, fuata chake.

Kipimo unaweza kukitengeneza kwa kipande cha mwanzi au bomba dogo la shaba. Chukua bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, lijaze maji hadi alama, mimina kwenye mwanzi, weka alama maji yalipofika, kata hapo, kausha juani siku nzima. Kitumie hicho kimoja kwa vyote viwili ili usichanganye.

Kishawishi cha kila anayeanza ni kuongeza baruti ili marisau "yafike mbali". Matokeo ni kinyume. Baruti ikizidi, gesi husukuma vizibo (vile vinavyotenganisha baruti na marisau) kwa nguvu hadi vinapenya katikati ya marisau mara tu yanapotoka mdomoni, na unapata duara lenye tundu katikati, mahali hasa ulipolenga. Ukitaka mtawanyiko uliobana, punguza baruti kidogo, nusu mililita kwa mfano, na uache marisau yalivyo.

Marisau yawe ya milimita 2.8 hadi 3.0. Usinunue kwa namba peke yake, maana namba 5 ya Uingereza ni milimita 2.8 na namba 5 ya Marekani ni kama milimita 3. Gramu 32 za milimita 2.8 ni takribani marisau 250, na za milimita 3 ni kama 200. Marisau makubwa kuliko hayo hupunguza idadi mpaka nafasi kati ya moja na jingine inamtosha kanga kupita. Madogo zaidi hukwama kwenye manyoya ya bawa, ambayo kwa kanga mzee ni magumu ajabu.

Vizibo ndivyo vinavyoamua zaidi ya watu wanavyofikiri. Vinahitajika vya aina tatu. Cha kwanza ni cha kadi ngumu, unene wa milimita 3, kinachokaa juu ya baruti na kuzuia gesi. Cha pili ni laini, cha sufu iliyoshindiliwa au blanketi nene la sufu, unene wa milimita 12 hivi, kilicholoweshwa mafuta. Cha tatu ni kadi nyembamba ya milimita moja, ya kuzuia marisau yasidondoke. Vyote vikatwe kwa kitoboleo cha mviringo, kama kile cha mafundi viatu, kikubwa kuliko tundu la mtutu kwa nusu milimita ili viingie kwa kubana. Toboa katikati ya kile kigumu kwa sindano, tundu dogo tu, hewa ipate pa kutokea wakati wa kushindilia. Bila hivyo hewa hukisukuma juu ukishatoa mdeki, ule ufito wa kushindilia.

Katani, nyuzi za nazi, vitambaa vya pamba na magazeti yaliyofinyangwa usivitumie. Hutoka mdomoni vikiwa na cheche na huendelea kufuka dakika kadhaa. Mwezi wa Septemba, nyasi za Bahi au Chemba zikiwa zimekauka kama karatasi, kizibo kimoja cha katani kinaweza kuchoma malisho ya kijiji kizima. Hata ukitumia vya sufu na mafuta, baada ya kila mlio tembea mbele hatua kumi, vitafute, vikanyage.

Mafuta ya vizibo ni mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Nta haikosekani Manyoni na Kondoa. Sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta inafaa Juni na Julai. Oktoba na Novemba, joto linapopanda, weka moja kwa mbili, la sivyo mafuta yanatiririka ndani ya mkoba. Yeyusha kwa chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, chovya vizibo, viache vipoe. Mafuta yasiwe na chumvi, maana chumvi ni kutu. Oili ya pikipiki nayo haifai hapa: ikikutana na mabaki ya baruti inageuka lami.

Kushindilia

Anza kwa kuhakikisha gobore ni tupu. Ingiza mdeki mpaka uguse mwisho, chora mstari palipo na mdomo wa mtutu; huo ni mstari wa "tupu". Ukishashindilia kipimo kamili kwa usahihi, chora wa pili. Huo ni wa "limejaa". Mistari hii miwili itakuokoa kuliko kumbukumbu yako, kwa sababu kosa la kuweka vipimo viwili ndani ya mtutu mmoja hutokea kwa wazoefu, hasa wakizungumza na mtu huku wanashindilia.

Piga fataki mbili tupu kwanza, mdomo wa mtutu ukiwa karibu na vumbi au jani kavu. Vumbi likiruka, njia ya moto iko wazi na mafuta ya jana yameungua. Lisiporuka, chuchu imeziba. Fungua, pitisha sindano.

Simamisha gobore, mdomo uelekee mbali na uso wako. Mimina baruti kwenye kipimo, funga pembe au chupa ya baruti na uiweke kando, kisha ndipo umimine kutoka kwenye kipimo kwenda mtutuni. Usimimine kamwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe: cheche moja iliyobaki chini itapanda na kuigeuza pembe nzima kuwa bomu. Gonga mtutu kwa kiganja mara mbili. Weka kizibo kigumu, kisukume kikiwa kimelala sawa, mpaka kikae juu ya baruti. Bonyeza kwa nguvu ile ile kila mara. Kutwanga hakuhitajiki, huvunja chembe za baruti na kubadilisha nguvu yake. Kisichokubalika ni mwanya kati ya kizibo na baruti, kwani mtutu huvimba au kupasuka hapo hapo palipo na mwanya. Fuata kizibo cha mafuta, halafu marisau, halafu kadi nyembamba. Angalia mstari wa mdeki. Toa mdeki. (Mideki iliyorushwa porini na kupotea ni mingi, na mtutu uliopigwa ukiwa na mdeki ndani haufai tena kuaminiwa.)

Fataki huvalishwa mwisho, ukiwa tayari umeketi mafichoni, nyundo ikiwa nusu mkoko. Kwenye gobore la mitutu miwili, ukipiga mmoja na kutaka kuujaza tena, kwanza vua fataki ya ule mwingine. Ukimaliza kujaza, ingiza mdeki kwenye mtutu ambao haukupigwa uone kama mstari wake umepanda: mshtuko wa mlio wa kwanza husogeza mzigo wa jirani mbele, na huo ndio mwanya uliotajwa.

Kupima kwa karatasi

Hili lifanyike wiki moja kabla, mahali palipo na tuta la udongo nyuma. Gundisha magazeti kwenye boksi lililofunguliwa, upana wa mita moja. Chora kanga wa ukubwa halisi: mwili wa duaradufu sentimita 20 kwa 15, shingo na kichwa sentimita 12 juu yake. Piga karatasi tatu kwa mita 15, tatu kwa 20, tatu kwa 25, ukilenga shina la shingo. Mita zipimwe kwa kamba, si kwa jicho.

Hesabu marisau yaliyoingia ndani ya mchoro. Unataka angalau sita kwa kila karatasi, na moja au zaidi kwenye shingo au kichwa. Umbali wa mwisho ambapo karatasi zote tatu zimefaulu ndio kikomo chako. Karatasi mbili nzuri na moja mbaya maana yake ni kanga mmoja kati ya watatu aliyejeruhiwa. Rudi nyuma mita tano. Magobore mengi ya kipenyo cha 12 hufaulu mita 25, ya kipenyo cha 20 huishia mita 20. Karatasi ikionyesha mabonge, marisau matatu au manne yakipita tundu moja, kizibo cha mafuta kimeyagandisha, punguza mafuta. Ikionyesha tundu kubwa katikati, punguza baruti, au kata kizibo laini kiwe chembamba. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua kilichosaidia.

Mahali na saa

Dodoma na Singida zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Wakati huo kanga wamegawanyika wawili wawili na wanataga, waache. Kuanzia Juni wanarudi kwenye makundi, na kadiri maji yanavyokauka ndivyo makundi yanavyokua na njia zao zinavyotabirika. Juni na Julai watafute kwenye mashamba ya uwele, mtama na karanga yaliyovunwa, ambako wanaokota punje. Agosti kuendelea wanachimba ndago kwenye kingo za mbuga na mito ya mchanga, na utaona udongo umefukuliwa vishimo vidogo vidogo kama vya kuku, ila vingi.

Ratiba ya kundi ni hii. Hulala juu ya miti, mara nyingi migunga mikubwa au mibuyu iliyo karibu na mkondo. Hushuka kukishapambazuka vizuri, kama saa 12:30, husimama kidogo chini ya mti wakilia, kisha hutembea kwenda kula. Kati ya saa tano na saa tisa wako kivulini, wanaoga vumbi. Saa kumi jioni wanakwenda maji, na kabla ya saa 12 wamerudi kwenye mti ule ule. Kinyesi kingi chini ya mti, pamoja na manyoya yenye madoa, vinakuonyesha mti wa kulala. Kuwapiga wakiwa mtini usiku ni marufuku na ni ushenzi, na kundi lililopigwa kwenye mti wake linahama.

Mahali pa kukaa ni katikati ya njia: kati ya mti na shamba asubuhi, kati ya kivuli na maji jioni. Kisimani pabaki pa wanyama wote. Tafuta nyayo kwenye mchanga wa mto mkavu, mahali njia inapobanwa na kichaka pande zote mbili. Keti mita 15 hadi 18 kutoka hapo, mgongo ukiegemea shina pana kuliko mabega yako. Weka jiwe au kijiti cheupe mita 20 kila upande kama alama. Kanga wakiwa nje ya alama, hawapo.

Wawindaji wa batamzinga mwitu huko Marekani, wanaotumia bunduki za namna hii hii, humwita dume kwa sauti ya jike naye akaja peke yake. Kwa kanga hilo halitakusaidia sana, kwa sababu anakuja na macho hamsini. Kuna hali moja tu ambapo sauti inafanya kazi: kundi likishatawanyika. Kanga aliyepotezana na wenzake huanza kuita baada ya dakika kumi au ishirini, ile sauti ya pande mbili inayopanda mwishoni, na wengine huifuata. Kwa hiyo ukikuta kundi mbali, mwenzako asiye na silaha alizungukie na kulikimbilia kwa ghafla ili liruke pande zote. Kaa pale pale lilipokuwa, tulia. Wataanza kurudi mmoja mmoja, kwa miguu, na wengi hutokea nyuma yako.

Kanga haendeshwi na harufu, ni macho na masikio. Vaa rangi ya udongo na majani makavu, funika mikono, na usisogeze kitu kinapoonekana kichwa. Nyundo ivutwe mkoko kamili wakati kichwa cha kanga kiko nyuma ya kichaka, ukiwa umebonyeza kifyatulio taratibu huku umeshika nyundo ili isilie "kta", kisha ukiachie kifyatulio kabla ya nyundo. Jizoeze nyumbani, gobore likiwa tupu. Upepo una kazi moja: uwe ubavuni ili uondoe moshi. Ukikupiga usoni, moshi wote utakurudia na hutaona ndege ameangukia wapi.

Kwenye vichaka vya Itigi angalia unapokalia. Kifutu hulala kwenye majani makavu na hasogei. Ukiona nyayo mbichi za tembo, ondoka. Gobore la marisau ya kanga halina mazungumzo na tembo.

Kupiga

Subiri mmoja ajitenge na wengine kwa mita moja au zaidi, kila upande na nyuma yake. Kundi lililosongamana ndilo linalovutia, na ndilo linaloleta hasara kubwa: unaangusha mmoja na kuwajeruhi wanne. Kanga akiwa ameinua shingo, lenga pale shingo inapoungana na mwili. Akiinama kula, subiri. Akiinuka utapata kichwa, shingo na moyo katika mstari mmoja. Baada ya kifyatulio, shikilia gobore palepale hadi marisau yatoke. Mwanga wa fataki humfanya mtu apepese jicho na kuinua uso, na marisau yakapita juu.

Anayeruka moja kwa moja kutoka kwako usimpige: manyoya na mifupa ya mgongo hulinda moyo. Anayepita ubavuni ndani ya mita 20 anapigika kwa kuanzia nyuma yake, kumpita kichwa kwa urefu wa mwili mmoja, na kufyatua huku mtutu bado unakwenda.

Mara baada ya mlio sogea hatua mbili pembeni, uchungulie kando ya moshi. Kanga aliyevunjika bawa hukimbia kuliko mbwa. Mfuate papo hapo, kujaza kutachukua dakika mbili na wewe huna dakika mbili. Ukimshika, kata shingo mara moja.

Fataki ikilia na gobore lisilie, usiliondoe begani wala usiangalie ndani. Elekeza mahali salama, hesabu dakika nzima, kwa kuwa baruti yenye unyevu inaweza kuwa inafuka. Kisha vua fataki, safisha tundu la chuchu kwa sindano, valisha mpya. Ikishindikana mara mbili, fungua chuchu, ingiza chembe chache za baruti kwenye tundu lake, funga, jaribu tena. Sababu za kawaida ni mafuta yaliyobaki chini ya mtutu au uchafu kwenye tundu. Kama hata fataki haikulia, huenda haikukaa hadi chini kwenye chuchu. Hilo utalijua kwa sababu pigo la pili la nyundo huilipua.

Hewa kavu ya kiangazi ina adabu yake. Kule pwani mabaki ya baruti hubaki laini. Hapa Dodoma hukauka yakawa gamba gumu ndani ya mtutu, na baada ya milio mitatu kizibo hukwama katikati, ukapata ule mwanya bila kukusudia. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu baada ya kila mlio au miwili, na hicho hicho kinazima cheche kabla ya kumimina baruti mpya. Usipulize mtutuni kwa mdomo.

Chukua mmoja au wawili kwenye kundi hata kibali kikiruhusu zaidi, halafu kundi hilo lipumzike wiki tatu. Watazoea tena njia ile.

Nyama

Toa matumbo ndani ya nusu saa, jua la Oktoba halisubiri. Ning'iniza kivulini penye upepo, usifungie kwenye mfuko wa plastiki. Matumbo na manyoya yafukiwe porini. Ukiyatupa uani kuku wako wanaweza kupata kideri. Ndege uliyemkuta amekufa usimguse kwa chakula, huenda amekula sumu ya shambani.

Tafuta marisau kwa vidole kabla ya kupika, fuata kila tundu na kila manyoya yaliyozama nyamani, kata nyama iliyovilia damu na uitupe. Marisau ya risasi ni sumu, zaidi kwa watoto. Kanga mchanga ana upembe mfupi na mdomo wa chini unaopinda ukiubonyeza. Huyo anafaa kuchoma. Mzee achemshwe saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kuungwa kwa karanga, na ugali wa uwele unamfaa kuliko wali.

Kusafisha

Usiku huo huo, si kesho. Mabaki ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kula chuma hata kiangazi. Kama gobore bado limejaa, piga kwenye tuta la udongo mahali panaporuhusiwa. Kama hapafai, vua fataki, ng'oa kadi nyembamba kwa skrubu ya mdeki, mwaga marisau, ng'oa vizibo, mwaga baruti, kisha jaza maji.

Fungua chuchu, iloweke. Tumbukiza kitako cha mtutu kwenye ndoo ya maji ya moto yenye sabuni, ingiza mdeki wenye kitambaa juu, vuta na sukuma: maji yatapanda na kushuka kama pampu kupitia tundu la chuchu. Rudia kwa maji safi ya moto mpaka yatoke meupe. Mtutu ukiwa bado wa moto hukauka wenyewe. Kausha kwa kitambaa, pitisha mafuta ya bunduki kidogo, paka nyuzi za chuchu mafuta mazito kabla ya kuirudisha. Mafuta ya alizeti yasiachwe mtutuni, hugeuka gundi. Siku ya pili pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia yote tangu ndoo.